Uzee Haung'oi Meno



Mzee wa miaka sitini akiulizwa meno yake yalikwenda wapi, jibu huwa jepesi: "Umri, mwanangu." Walio karibu huitikia, na mazungumzo yakahamia jambo jingine. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, na leo naomba tusihamie jambo jingine. Jibu hilo si la kweli, na lina madhara, kwa sababu anayeamini kwamba meno huondoka kwa umri haoni haja ya kuyapigania akiwa bado na miaka thelathini. Jino halikuumbwa na muda wa kuisha. Likiondoka, basi lilioza, au lilivunjika, au fizi na mfupa uliolishikilia viliharibiwa na maradhi. Umri hufanya jambo moja tu: huyapa maradhi muda wa kutosha.

Kuoza kwa meno kunastahili mhadhara wake. Nitakayozungumzia leo ni maradhi ya fizi, ambayo huanza bila maumivu, huendelea bila maumivu, na mara nyingi humleta mgonjwa kwetu siku jino linapocheza mdomoni. Si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa fizi uliofikia hali kali, yaani karibu asilimia 19 ya watu waliozidi umri wa miaka 15.

Nataka kuwaonyesha ugonjwa huu unavyokwenda hatua kwa hatua, na kwa nini watu wawili wenye uchafu uleule kwenye meno wanaweza kufikia miaka hamsini mmoja akiwa na meno yote na mwenzake akiwa na mapengo. Jibu la swali hilo la pili ndilo lililonileta hapa.

Ufizi wenye afya na namna tunavyoupima

Ufizi wenye afya umekaza, umelibana jino, na hautoki damu unapopigwa mswaki. Rangi yake hutofautiana. Wengi wetu tuna weusi wa asili kwenye fizi, na weusi huo si ugonjwa wala si uchafu wa kusuguliwa.

Chini ya ufizi, jino halikugandishwa kwenye mfupa wa taya. Limefungwa kwa maelfu ya nyuzi fupi zinazotoka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa. Nyuzi hizo zina hisi kali mno: ndizo zinazokufanya usite ghafla ukikutana na chenga ya mchanga ndani ya tonge la wali. Mahali ufizi unapokutana na jino pana mfereji mdogo unaolizunguka jino lote, wenye kina cha milimita 1 hadi 3.

Mfereji huo ndio tunaoupima. Tunatumia chuma chembamba chenye ncha butu na alama za milimita. Kinateremshwa taratibu kando ya jino mpaka kigote, katika sehemu 6: tatu upande wa shavu au mdomo, na tatu upande wa ulimi au kaakaa. Daktari husoma namba kwa sauti na msaidizi huandika. "Tatu, mbili, tatu. Tatu, mbili, tatu. Tatu, mbili, sita." Hiyo sita ndiyo habari. Inasema kwamba kati ya jino hili na jirani yake mfereji umekuwa kifuko, na chini ya kifuko hicho huenda mfupa umeshaanza kushuka. Mwenye meno 28 huondoka na namba 168. Mgonjwa aliyekuja akisema hana tatizo, ila wakati mwingine huona damu kidogo, huzisikia namba hizo zikisomwa na kwa mara ya kwanza anatambua kwamba maradhi yake yana kipimo.

Ukoga, ugaga na damu

Mwanzo wa yote ni ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa mji wa Delft nchini Uholanzi aliyekuwa akijitengenezea hadubini, alichokonoa uchafu katikati ya meno yake mwenyewe na kuuangalia. Alikuwa mtu wa kusugua meno kwa chumvi kila siku, na bado aliona viumbe vidogo vingi vikijongea. Aliwaandikia wataalamu wa Royal Society mjini London kuwaeleza. Leo tunajua kwamba kinywani mwa binadamu kwa jumla zimetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, na nyingi hazina ubaya wowote.

Dakika chache baada ya jino kusafishwa, mate hulipaka utando mwembamba wa protini. Ndani ya saa chache bakteria wa kwanza hujishika hapo. Wakiachwa, huongezeka na kujenga tabaka, na kadiri siku zinavyopita aina zao hubadilika. Wale wasiopenda hewa hupata makazi chini kabisa, kwenye mpaka wa jino na ufizi. Mate yana madini ya kalsiamu na fosfeti, na madini hayo huugandisha ukoga ukawa ugaga, mgumu kama jiwe, katika muda wa wiki mbili hivi. Ukoga unatoka kwa mswaki. Ugaga hautoki kwa mswaki wa aina yoyote.

Naomba kila mmoja wenu sasa hivi apitishe ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hapo ndipo tezi za mate zilizo chini ya ulimi zinapomimina, na hapo ndipo ugaga hutangulia kujengeka. Ukisikia mikwaruzo, au ukiona kwamba huwezi kutofautisha jino moja na jingine kwa sababu kuna ukuta unaoyaunganisha, basi ugaga umeshafika.

Mwili hauukalii kimya ukoga. Mishipa midogo ya damu kwenye ufizi hutanuka, chembe nyeupe za kinga hukimbilia hapo, ufizi hufura na kuwa mwekundu, na ngozi yake ya ndani hudhoofika kiasi kwamba hata nywele za mswaki huitoa damu. Hii ni hatua ya kwanza, uvimbe wa fizi peke yake. Mfupa bado mzima, nyuzi bado nzima.

Tunajua hakika kwamba ukoga ndio chanzo, kwa sababu ilijaribiwa kwa watu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio lililobadilisha taaluma yetu. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Wote, bila kubakiza hata mmoja, fizi zao zilifura katika muda wa siku 10 hadi 21. Waliporudi kupiga mswaki, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Nawaomba muishike sehemu ya pili ya jaribio hilo kuliko ya kwanza. Hatua ya damu hurudi nyuma kabisa. Haiachi kovu, haiachi deni, na haihitaji dawa ya duka. Baada ya hatua hiyo, hakuna tena kurudi nyuma kwa ukamilifu.

Ugonjwa unapovuka kwenda kwenye mfupa

Kwa baadhi ya watu uvimbe haubaki juu. Ufizi huachana na jino, mfereji unazama ukawa kifuko, na ndani ya kifuko hicho mswaki haufiki. Humo hustawi bakteria kama Porphyromonas gingivalis, ambaye hujipatia chuma kutoka kwenye damu inayovuja. Kwa hiyo uvimbe huwalisha bakteria, na bakteria huuchochea uvimbe.

Wengi hudhani kwamba bakteria ndio wanaoutafuna mfupa. Sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na mwili wenyewe. Chembe za kinga humwaga vimeng'enya vya kuua bakteria, na vimeng'enya hivyo huyeyusha pia nyuzi zinazolishika jino. Ishara za uvimbe huziamsha chembe zinazomomonyoa mfupa, na mfupa hurudi nyuma, ukijitenga na moto unaowaka juu yake. Ndiyo maana nguvu na namna ya kinga ya mtu ina uzito mkubwa sana katika maradhi haya, na ndiyo maana vitu vinavyovuruga kinga vinatajwa kila tunapozungumzia hatari.

Mwaka 2017 wataalamu kutoka nchi nyingi walikutana Chicago wakakubaliana namna mpya ya kuupanga ugonjwa huu, na makubaliano yakachapishwa mwaka 2018. Hatua ya I ni pale jino linapopoteza mshikizo wa milimita 1 hadi 2. Hatua ya II ni milimita 3 hadi 4. Kuanzia milimita 5 ni hatua ya III, na mtu aliyekwisha kupoteza meno 5 au zaidi kwa sababu ya fizi huhesabiwa hatua ya IV. Juu ya hatua hizo huongezwa daraja la mwendo, A, B au C, linaloonyesha ugonjwa unakwenda polepole au mbio. Anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku huwekwa daraja C. Mwenye kisukari ambaye kipimo chake cha sukari ya damu kiitwacho HbA1c ni asilimia 7 au zaidi naye huwekwa daraja C. Sigara na sukari zimeingizwa ndani ya jina la ugonjwa lenyewe. Nitazirudia.

Dalili anazoziona mgonjwa ni hizi: damu, harufu ya kinywa isiyokwisha kwa mswaki, ladha mbaya asubuhi, fizi zinazorudi nyuma mpaka meno yanaonekana marefu, mwanya mpya kati ya meno ya mbele yaliyokuwa yamegusana, usaha ufizi unapominywa, na mwisho jino kucheza. Maumivu huchelewa, na wengine hawayapati kabisa. Wapo wanaoona haya na kuziba mdomo kwa kiganja wanapocheka, wakakaa hivyo miaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kinachomuumbua ni pengo.

Msidhani pia kwamba ni kidonda kidogo. Vifuko vyote vya mtu mwenye ugonjwa huu vikikunjuliwa na kupimwa, eneo lake hufikia kati ya sentimita za mraba 8 na 20. Mtu mwenye kidonda cha ukubwa huo mguuni angekuwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Nani anavuka, nani anabaki nyuma

Sasa nafika kwenye swali letu. Ikiwa ukoga huwafurisha watu wote fizi, je, wote huishia kupoteza meno?

Mwaka 1970 Löe na wenzake walianza kuwafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai nchini Sri Lanka. Watu hawa hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala huduma ya meno. Kila mmoja alikuwa na ukoga, ugaga na fizi zilizofura karibu kwenye kila jino. Walipimwa tena na tena hadi mwaka 1985. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yaliwagawa katika mafungu matatu. Asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio: wakifika miaka 45 walikuwa wamepoteza mshikizo wa wastani wa milimita 13, maana yake meno mengi yameshakwenda. Asilimia 81 walikwenda mwendo wa kati, wakapoteza milimita 7. Na asilimia 11 hawakuvuka: walibaki na uvimbe wa fizi tu, miaka yote hiyo, wakiwa na uchafu uleule.

Huku kwetu, mwaka 1988 Vibeke Baelum na Ole Fejerskov kutoka Denmark, pamoja na Mkenya Firoze Manji, walichapisha uchunguzi wa watu 1,131 wa wilaya ya Machakos, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga ulikuwa mwingi na ugaga umeenea. Hata hivyo vifuko virefu havikuenea kwa kila mtu; uharibifu mkubwa ulirundikana kwa watu wachache. Kwa watu wazima wa Tanzania, Baelum na wenzake walikuwa wameona picha ya namna hiyo miaka miwili kabla. Uchunguzi huo wa Afrika Mashariki uliivunja dhana iliyokuwa imeandikwa na kurudiwa, kwamba Waafrika wako mwisho kabisa wa mstari kwa ubaya wa fizi, na kwamba mdomo mchafu lazima uishie kwenye meno kung'oka.

Tukiziweka Sri Lanka na Machakos pamoja, tunapata kanuni mbili. Ya kwanza: bila ukoga ugonjwa hauanzi. Ya pili: ukoga peke yake hausemi nani atavuka wala kwa kasi gani. Hilo huamuliwa na hatari anazobeba mtu. Kwa hiyo babu yako aliyefika miaka themanini na meno yote kwa kutumia kijiti cha mti tu si ushahidi juu yako. Pengine alikuwa miongoni mwa wale wasiovuka. Wewe unayevuta sigara, au mwenye sukari isiyodhibitiwa, hesabu yako ni nyingine.

Tumbaku

Naanza na sigara kwa sababu ndiyo hatari kubwa iliyo mikononi mwa mtu mwenyewe. Mwaka 2000 Scott Tomar na Samira Asma walichapisha uchambuzi wa takwimu za watu wazima wa Marekani. Wavutaji walikuwa na uwezekano karibu mara 4 wa kuwa na ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa, wakilinganishwa na wasiowahi kuvuta. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wote, kwa hesabu yao, ilitokana na uvutaji wa sasa au wa zamani.

Ubaya wa sigara haukomei kwenye kuongeza hatari. Sigara huizima pia taarifa. Fizi za mvutaji hutoka damu kidogo kuliko za mwenzake mwenye ugonjwa huohuo, kwa sababu moshi na nikotini hubadilisha mishipa midogo ya damu na mwitikio wa kinga. Mvutaji hutazama mswaki wake, akaona mweupe, akajiona mzima, huku mfupa unashuka. Tukimtibu, vifuko vyake hupona kwa uchache kuliko vya asiyevuta. Nawaomba wavutaji mliomo humu msisubiri damu. Njooni mpimwe.

Habari njema ipo. Katika uchambuzi huohuo, hatari ilipungua kadiri miaka ilivyopita tangu kuacha, na waliokwisha kuacha kwa miaka 11 au zaidi walikaribiana na wasiowahi kuvuta.

Ugoro unaowekwa kati ya mdomo na ufizi huurudisha ufizi nyuma mahali palepale unapokaa, mzizi ukabaki wazi. Tambuu ya pwani, pamoja na popoo na chokaa yake, ina hatari nyingine iliyo kubwa kuliko fizi: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, iwe na tumbaku au isiwe nayo. Kidonda chochote cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kitazamwe na daktari.

Kisukari

Kisukari na maradhi ya fizi hulishana. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe za kinga hufanya kazi vibaya, uvimbe huwa mkali zaidi, na vidonda huchelewa kupona. Miongoni mwa Wapima, wenyeji wa asili wa Arizona ambao kisukari kimewaandama kuliko karibu jamii yoyote iliyochunguzwa, wenye kisukari cha aina ya pili walionekana kuwa na hatari karibu mara 3 ya kupata ugonjwa wa fizi. Hatari hiyo huenda na sukari isiyodhibitiwa. Anayeidhibiti vizuri hukaribiana na mtu asiye na kisukari.

Njia ya kurudi nayo ipo. Uvimbe wa fizi hupeleka kwenye damu kemikali zinazoufanya mwili uisikilize vibaya insulini. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba kutibu fizi za mgonjwa wa kisukari hushusha kipimo cha HbA1c kwa karibu pointi 0.4 za asilimia katika miezi mitatu au minne. Ni kiasi kidogo kwa kukitazama, lakini ni nyongeza isiyomdai mgonjwa kumeza kidonge kingine.

Na wauguzi mliopo, naomba mzingatie hili: mtu mzima anayerudi mara kwa mara na majipu ya fizi, leo hapa, mwezi ujao pale, apimwe sukari. Wapo wanaogunduliwa kisukari kwenye kiti cha daktari wa meno.

Hatari nyingine

Ujauzito hauondoi meno, wala mtoto hachukui kalsiamu ya meno ya mama. Homoni za ujauzito huufanya ufizi uitikie ukoga kwa ukali zaidi, kwa hiyo damu huongezeka, na baada ya kujifungua hali hutulia. Mama mjamzito anaweza kusafishwa meno na kutibiwa, asiambiwe asubiri.

Dawa fulani hukuza fizi mpaka zikafunika meno. Fenitoini ya kifafa, nifedipini ya shinikizo la damu na saiklosporini wanayotumia waliopandikizwa viungo ndizo zinazojulikana zaidi. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu hiyo. Amweleze daktari wake, na usafi wa meno uongezwe, kwa kuwa ukoga ndio unaolizidisha tatizo.

Nasaba nayo ina sehemu yake. Kama wazazi au ndugu zako walipoteza meno mapema, jihesabu kuwa na hatari. Kwa vijana, utafiti uliofanywa Morocco na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wanafunzi waliobeba aina moja kali ya bakteria, iitwayo JP2. Hatari yao ya kuanza kupoteza mshikizo wa meno ilikuwa mara 18 ya wenzao. Kijana wa miaka kumi na tano ambaye gego la kwanza au meno ya mbele yanacheza bila kugongwa asiambiwe ni mdogo mno kwa ugonjwa wa fizi.

Kinga ikishuka sana, kama kwa mwenye VVU asiye kwenye dawa, fizi zinaweza kuoza kwa ghafla, kwa maumivu makali na harufu nzito. Na kwa watoto wadogo wenye utapiamlo, hasa baada ya surua, kidonda cha ufizi kinaweza kugeuka noma, maradhi yanayokula shavu lote na kuua wengi wasiopata tiba. Shirika la Afya Duniani liliiingiza noma katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023. Ikikamatwa ikiwa bado ni kidonda cha ufizi, hutibika kwa antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula bora. Ikipita hapo, mtoto akipona hubaki na uso ulioharibika.

Yasemwayo mitaani

Nasikia mambo manne karibu kila wiki, na ni vyema niyajibu.

"Fizi zinatoka damu, nimeacha kupiga mswaki zipumzike." Hapo unawaachia bakteria uwanja. Endelea kwa mswaki laini, na kama tatizo ni ukoga tu, damu itapungua ndani ya siku chache.

"Ni kiseyeye, nitakula machungwa." Upungufu mkubwa wa vitamini C kweli hutoa damu kwenye fizi, lakini damu tunayoiona kwa watu wengi ni ya ukoga. Kula machungwa kwa faida zake nyingine.

"Nimenunua antibiotiki." Vidonge haviwezi kuuondoa ugaga, na bakteria waliojijengea utando hawafikiwi kirahisi na dawa. Uvimbe hutulia siku chache na kurudi, na wadudu sugu huongezeka.

"Kukwangua ugaga hulegeza meno." Hofu hii naielewa, kwa sababu anayekwanguliwa huona nafasi kati ya meno ambazo hazikuwapo. Zilikuwapo, zilijaa ugaga na ufizi uliofura. Ugaga ukiondoka na uvimbe ukishuka, kinachoonekana ni ukweli wa mfupa uliokwisha kupotea kabla hujafika kwetu. Baada ya wiki kadhaa, fizi zikikaza, mara nyingi meno hukaza pia.

La kufanya

Piga mswaki mara mbili kwa siku, wenye nywele laini, kwa dawa yenye floridi, ukiuinamisha kuelekea mpaka wa jino na ufizi, kwa sababu huko ndiko ukoga uliko. Kati ya meno pitisha uzi wa meno au brashi ndogo. Mswaki haufiki hapo, na ugonjwa huanzia hapo mara nyingi. Wanaotumia mswaki wa mti, kama walivyozoea Waislamu wa pwani kabla ya sala, wasione haya. Uchunguzi wa wanafunzi wa shule nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba kijiti kikitumiwa vizuri husafisha sawa na mswaki wa kisasa. Sharti ni kukitafuna mpaka kitoe nyuzi laini, na kukifikisha nyuma ya meno na kwenye magego, si meno ya mbele peke yake.

Ukishakuwa na vifuko, usafi wa nyumbani hautoshi. Utasafishwa juu na chini ya ufizi, kwa ganzi ikihitajika, kisha utapimwa tena baada ya wiki sita hadi miezi mitatu. Baada ya hapo utarudi kila miezi mitatu hadi sita, kwa sababu ugonjwa huu hutulizwa na kulindwa. Mfupa uliopotea haurudi wote.

Je, inafaa kitu? Per Axelsson na Jan Lindhe walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwafuatilia watu wazima wa mji wa Karlstad, Sweden, waliofundishwa kusafisha meno na kuhudumiwa kwa utaratibu. Matokeo ya miaka 30 yalitolewa mwaka 2004. Hata kundi la wazee zaidi lilipoteza kwa wastani meno yasiyofika 2 kwa kila mtu katika miaka yote 30. Watu hao walizeeka kama tunavyozeeka sisi. Meno yao yakabaki.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa kila mmoja wenu: damu kwenye mswaki isipite wiki mbili bila kushughulikiwa, na mvutaji asiisubiri damu. Kwa wenzangu wa afya: kliniki ya kisukari na kliniki ya wajawazito ziulize kuhusu damu ya fizi na kucheza kwa meno kama zinavyouliza mengine, na anayejibu ndiyo apelekwe kwa daktari wa meno mwezi huohuo. Kwa viongozi: vituo vyetu vyenye koleo la kung'olea ni vingi kuliko vyenye vifaa vya kukwangulia ugaga, na mahali ambapo tiba pekee iliyopo ni kung'oa, watu wataendelea kuamini kwamba meno huisha kwa uzee. Vifaa vya kuondoa ugaga si ghali, na wauguzi na matabibu wa meno wa kuvitumia wanafundishika. Tuwape vifaa hivyo, na kizazi kitakachofika miaka sitini baada yetu hakitakuwa na sababu ya kuusingizia umri.